Nusu ya Salamu

Nimeendesha magari ya watu kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka hiyo nimesimamishwa na askari wa barabarani wa kila namna. Nimesimamishwa na mlevi, nikasimamishwa na mwenye njaa, nikasimamishwa na mmoja aliyetaka tu nimpelekee jogoo kwa mama mkwe wake. Hao wote nimewasamehe. Mwenye njaa unajua anachotaka, na akishiba anakuachia njia. Ninayemdharau mpaka leo ni askari mmoja ambaye hakuwahi kupokea kwangu hata yai.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Mimi mtu wa Mbeya nilikuwa nimehamia Sumbawanga na mke wangu na watoto wanne, dereva wa lori la kukusanya mahindi. Nilikwenda Ilemba, nilikwenda Laela, nilipakia magunia kwenye maghala ya vijiji na kuyaleta mjini. Kazi ilikuwa nzuri na lori lilikuwa baya. Stata ilikuwa imekufa, kwa hiyo ukizima injini mahali pasipo na watu wa kukusukuma, umelala hapo. Breki ya mguu ilishika vizuri. Breki ya mkono haikushika kabisa; ungeweza kuivuta mpaka iguse paa na lori lisijue kama umevuta kitu.

Sasa asiyejua magari namweleza. Gari ambalo huwezi kulizima huwezi kuliacha ndani ya gia. Ukilitoa kwenye gia, na breki ya mkono haipo, kinacholizuia lisiondoke ni mguu wako tu. Ukitaka kushuka, sharti mtu aliye chini akuwekee jiwe nyuma ya gurudumu. Utingo sikuwa naye, maana ofisi ilisema gari moja mtu mmoja. Nilitoa taarifa ya breki ile mara tatu. Bwana usafirishaji alinijibu mara tatu, "Vipuri vinakuja," na kila alipojibu alikuwa akitazama dirishani kana kwamba vinakuja kwa miguu.

Nilinyamaza kwa sababu ya leseni. Mtihani wa magari makubwa nilishindwa mara mbili, nikapita mara ya tatu. Sikuwa na kazi nyingine mkononi. Nyumbani kwetu ndugu zangu walikuwa wamekwisha kugawana shamba la baba, wakidhani mimi nimekwisha kuwa mtu wa mjini. Dereva aliyekamatwa na gari bovu alifungiwa leseni yeye, si bwana usafirishaji, na leseni ikifungwa watoto wangu wangekula upepo. Kwa hiyo niliendesha hivyo hivyo, kama tulivyoendesha wote.

Kizuizi kilikuwa kabla ya kuingia Laela, ukitokea Sumbawanga. Gogo la mkaratusi lilipita juu ya barabara, pembeni pakiwa na kibanda cha nyasi, kuzuia mahindi ya magendo yasiende Tunduma. Wenye akili wangekiweka mahali tambarare, na huko Ufipa tambarare si haba. Bwana mkubwa, yule askari wangu, alikiweka katikati ya mlima, kwa sababu akisimama pale aliona magari yakiwa mbali na magari yalimwona yeye. Gogo lenyewe alilifungua mgambo, mkulima wa hapo hapo, Mfipa wa makamo aliyekwisha kuanza kuota mvi, mpole, mwenye kofia ya kaki iliyopauka. Nilimwamkia shikamoo kila siku, na aliitikia kila siku kama ndiyo mara ya kwanza.

Mzee huyu ndiye aliyenisimulia jinsi mambo yalivyoanza. Askari alikuja kutoka mkoa wa mbali, kijana, viatu vinang'aa, hajui Ufipa ni nini. Siku ya kwanza alimwona mkulima mmoja akichuchumaa mbele ya mwenzake na kupiga makofi taratibu, akauliza wale wanacheza mchezo gani. Mzee akamweleza kwa adabu zote: hiyo ndiyo salamu ya Wafipa. Mtu anayemheshimu mwenzake huchuchumaa akapiga makofi, na yule anayesalimiwa naye huchuchumaa akapiga makofi. Wote mnakuwa chini, hakuna aliye juu.

"Mimi nilimweleza yote," mzee aliniambia. "Yeye akasikia mpaka pale katikati."

Asiyejua maana haambiwi maana. Kuanzia wiki ile, dereva yeyote aliyefika kizuizini alitakiwa ashuke, achuchumae mbele ya viatu vile vinavyong'aa na apige makofi. Yeye alisimama wima, mikono nyuma, akiitikia "Marahaba" kama chifu aliyesahau kuwa machifu walikwisha kufutwa. Alisema anaheshimu mila za wenyeji. Nilimwona mwalimu mkuu wa shule akichuchumaa. Nilimwona padri mzee akishuka kwenye pikipiki, akakusanya kanzu yake magotini, akachuchumaa kwa shida huku akisema maneno ambayo nadhani hayakuwa sala. Wakulima wa kule ndio walioniuma zaidi. Walipiga makofi yao kwa moyo safi, wakangoja chini mwenzao naye ateremke, na mwenzao hakuteremka. Basi waliinuka polepole wakitazamana.

Mtu wa rushwa ningempa maharage tukaachana. Huyu alikuwa na ukuta mzima wa maneno ya Chama kibandani, "Cheo ni dhamana" ikiwa ya kwanza, na ukimpa muwa tu anaandika jina lako. Alikula heshima, akaila mbichi, wala hakushiba. Nilimdharau tangu siku ya kwanza. Nilimdharau nikiwa nimechuchumaa, na hiyo ni namna ngumu sana ya kumdharau mtu.

Baada ya makofi ndipo alipokagua gari. Alitazama leseni mbele na nyuma. Alipitisha kidole kwenye kibao cha namba kuona vumbi, katika nchi ambayo barabara yote ni vumbi. Siku moja aliniamuru nipige honi, nikapiga, akatikisa kichwa kama daktari. Breki hakugusa hata siku moja. Lori lile lilipita mbele yake msimu mzima wa mahindi likiwa limeshikiliwa na jiwe, na jiwe hilo alikuwa akilikanyaga anapozunguka kutafuta vumbi.

Jiwe lilikuwa la mzee. Alinigundua mapema, maana siku ya kwanza niliposita kushuka alitazama mguu wangu, akatazama gurudumu, akaelewa. Hakuuliza kitu. Aliokota jiwe kubwa la mviringo pembeni, akalisukumia nyuma ya gurudumu kwa mguu, akakohoa. Tangu siku hiyo kikohozi kile kilikuwa ruhusa yangu ya kushuka. Nikishamaliza kuabudu na kupanda tena, alifungua gogo, mimi nikatia gia, yeye akaliondoa jiwe na kuliweka mahali pake kungoja kesho. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo. Kumsema mtu udhaifu wake mbele ya watu si adabu ya kule.

Siku ninayoisimulia ilikuwa asubuhi ya saa nne hivi, jua zuri, upepo wa baridi. Nilipofika nilikuta kizuizi kimekuwa harusi. Ilisemekana mgeni mkubwa wa mkoa atapita. Askari alikuwa amepiga pasi hata kofia. Kando ya barabara mawe yalikuwa yamepangwa mstari na kupakwa chokaa, na mzee alikuwa na ndoo na kipande cha mgomba kilichopondwa ncha kiwe brashi, anamalizia. Jiwe langu nililiona. Lilikuwa la nne kutoka kibandani, jeupe, limependeza.

Nyuma yangu, chini ya mlima, walikaa akina mama wanne watano waliokuwa wakiuza viazi vilivyochemshwa na karanga kwa abiria wa mabasi. Lori langu lilikuwa tupu, nakwenda kupakia. Nilisimama, mguu kwenye breki, injini inaunguruma.

"Shuka," akasema askari.

"Afande, leo nisalimie hapa hapa juu. Mguu unaniuma."

"Mguu unaouma ndio unaokanyaga breki? Shuka. Leo kuna wageni, nataka waone nidhamu."

Nikamtazama mzee. Mzee akaweka ndoo chini, akainamia jiwe la nne.

"Wewe! Acha hilo, chokaa bado mbichi!"

"Afande, hili ni la gari ya dereva," mzee akasema kwa upole.

"La gari? Gari zima linawekewa jiwe?" Askari akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akauliza swali la kazi yake. "Dereva, gari lako halina breki ya mkono?"

Nimelisikia swali hilo mara nyingi tangu siku ile, nikiwa nanyoa ndevu, nikiwa kanisani. Jibu lilikuwa neno moja. Ningesema halina, angechukua leseni pale pale na kuiandika nyuma, na yeye angekuwa amefanya kazi yake kwa mara ya kwanza. Nikawaona watoto wangu wanne. Nikaona na shamba la baba lililokwisha kugawanywa.

"Inayo, afande," nikasema. "Nzima."

Mzee akaliachia jiwe, akajifuta mikono kwenye suruali, akarudi kwenye ndoo yake.

Nilikata usukani hadi mwisho ili lori likiteleza lishike ukingo. Nikavuta ile breki ya mkono kwa mbwembwe, ilie, asikie. Kisha nikainua mguu polepole kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mtoto aliyelala. Lori likatulia. Naapa lilitulia, nadhani kulikuwa na kokoto chini ya gurudumu. Nikashuka, nikachuchumaa, nikapiga makofi.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Hayakusikika. Rudia."

Nikarudia. Katikati ya makofi hayo nikasikia kokoto ikipasuka.

Lori liliondoka kwa upole, kinyumenyume, bila kelele. Lilifika ukingoni, likapanda kidogo, kisha likajirudisha barabarani na kuanza kukaza mwendo. Nilikimbilia mlango, ukanipita. Akina mama walipiga yowe, wakatawanyika, isipokuwa bibi mmoja aliyebaki amepiga magoti akikusanya karanga zake kwenye kanga. Askari alisema, "Simamisha gari! Simamisha gari!" akimwambia sijui nani, maana mimi nilikuwa chini.

Mzee ndiye aliyekimbia. Alilinyakua jiwe la nne, chokaa ikimchuruzika mpaka kwenye viwiko, akakatiza mbele ya kibanda, akalifikia lori na kuliingiza lile jiwe chini ya gurudumu la nyuma kwa mikono yake miwili. Mkono wa kushoto uliwahi kutoka, wa kulia ukabaki chini ya gurudumu. Lori lilipanda juu ya jiwe nusu, likasimama. Injini ilikuwa bado inaunguruma.

Tulimtoa kwa kulisogeza lori mbele. Akina mama walimfunga kwa kanga ya yule bibi, karanga zikabaki barabarani. Yeye hakulia, aliuma kofia yake. Nikampandisha mbele ili nimrudishe Sumbawanga hospitali. Nikiwa nageuza gari nilimsikia askari akiwaambia wale akina mama, "Hilo jiwe lirudisheni kwenye mstari. Halafu lipakwe tena." Kwa kuwa chokaa ilikuwa imeingia damu. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Yeye alibaki kumngoja mgeni, na nilikuja kuambiwa kuwa mgeni alipita alasiri amefunga vioo, hakutazama jiwe wala askari.

Njiani, zaidi ya saa mbili za mashimo, mzee alisema mara moja tu.

"Uliposema nzima nilifurahi, mwanangu. Nikasema, afadhali, wamemtengenezea."

Ndiyo kusema alikuwa ameniamini. Kama asingeniamini angelichukua jiwe tangu mwanzo, chokaa au si chokaa. Hospitali waliukata mkono wa kulia kwenye kifundo.

Siku ya tatu askari akatokea kwenye yadi yetu, amepanda gari la watu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa na karatasi. Alinivuta nyuma ya matangi ya dizeli akanisomea. Iliandikwa kwamba gari lilikuwa zima. Kwamba dereva, kwa uangalifu wa ziada, aliweka jiwe. Kwamba mgambo aliliondoa bila kuagizwa ili alipake chokaa. Ilikuwa kazi nzuri, karibu kila neno lilikuwa na chembe ya ukweli ndani yake.

"Ukisema breki, leseni yako imekwenda," akasema. "Na mimi nitaulizwa nilikuwa nakagua nini msimu mzima."

Nilitazama viatu vyake, kalamu sikuigusa. Nilikuwa nimeapa kwamba nikimwona nitamtemea mate kwenye viatu. Akadhani nakataa. Ndipo alipofanya jambo ambalo sikulitegemea: alitazama huku na huku, akachuchumaa. Kwenye mafuta na matope ya yadi, na suruali yake ya pasi, akanipigia makofi, taratibu, vizuri kabisa, kama Mfipa aliyezaliwa Laela. Kumbe alikuwa akiijua salamu yote tangu zamani.

"Shikamoo kaka," akasema.

Natamani ningesema nilimdharau zaidi. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Nilisimama wima mbele yake, mikono nyuma, nikamwacha apige makofi mpaka atosheke, na kitu kitamu kikanipanda kifuani. Nikaitikia marahaba. Kisha nikachukua kalamu nikatia sahihi. Ndiyo rushwa pekee niliyopokea katika maisha yangu ya barabarani, na ilikuwa ni ile ile aliyokuwa akila yeye.

Yeye aliongezewa V ya cheo mkononi akahamishwa. Lori letu, kwa sababu ya ajali, lilipata vipuri ndani ya mwezi, breki ya mkono na stata. Kumbe vilikuwepo ghalani. Mimi leseni yangu ilibaki safi mbele na nyuma. Mzee alisomewa ile karatasi kwenye ofisi ya kijiji, mbele ya watu, akaambiwa ameumia kwa uzembe wake mwenyewe, akavuliwa umgambo. Niliambiwa hakubisha. Aliuliza tu kama ile sahihi ni ya dereva, wakamwambia ndiyo, akasema haya.

Nikawa naogopa kupita Laela. Kizuizi kilikuwa kimeondolewa, barabara iko wazi, na mimi nilipita pale nikiwa nimekaza macho mbele. Mwaka mmoja hivi baadaye, msimu wa kuvuna ulezi, nikiteremka na mzigo kurudi Sumbawanga, nilisimama pale pale mlimani kumpisha mtu na ng'ombe wake. Nikamwona pembeni, anatoka shambani, jembe fupi begani. Kulima kwa Kifipa ni kugeuza majani na udongo mpaka viwe vilima, intumba, na ile ni kazi ya mikono miwili. Alikuwa amefunga mpini wa jembe kwa kamba ya gome kwenye kigutu.

"Shikamoo mzee," nikasema nikiwa juu.

"Marahaba, mwanangu." Akalitazama lori kwa furaha, kama mtu anayemwona ng'ombe aliyemjua akiwa ndama. "Breki wameshatengeneza?"

"Wametengeneza, mzee. Nzima."

Nilivuta breki ya mkono nikashuka, kwa sababu kumsemesha mtu kama yule kutoka juu sikuweza tena. Yeye alikuwa amekwisha kuweka jembe chini. Akachuchumaa mbele ya lori, hatua mbili kutoka kwenye bampa, na kwa kuwa makofi hayakuwezekana, akajipiga paja kwa kiganja cha kushoto. Polepole, mara tatu. Kisha akangoja, maana kwa Wafipa aliyeanza salamu haondoki chini mpaka mwenzake ameteremka.

Nikachuchumaa. Nikapiga makofi. Mlio wa makofi ulikuwa ule ule wa siku ile, na kabla sijamaliza nikajikuta nimegeuza shingo kutazama magurudumu.

Mzee hakugeuka. Breki alikwisha kuuliza, na mimi nilikuwa nimemwambia ni nzima; kwake hilo lilitosha.